Nichanganye na Ngamia Wangu

Kengele ya saa kumi ilipolia, wanafunzi wengine wa darasa la sita walijikokota kwenda nyumbani, maana jua la Garissa halijui kwamba jioni imekaribia. Kanana yeye alikimbia. Alipita sokoni, akawaruka mbuzi waliolala kivulini, akawaamkia akina mama wauza maziwa bila kusimama, na hakupunguza mwendo mpaka alipofika kwenye duka lenye maandishi ya bluu: STUDIO TABASAMU.

Jina hilo lilikuwa kichekesho. Wazee wengi waliopigwa picha humo hawakutabasamu hata kidogo. Walikaa wima, wakaikazia kamera macho kama watu wanaoshtakiwa. Mwenye studio alikuwa Bwana Mwenda, baba yake Kanana, aliyetoka Meru na kamera moja begani wakati Kanana alipokuwa mtoto wa miaka minne. Sasa Kanana alikuwa na miaka kumi na miwili, na studio ilikuwa na kitu ambacho hata shule yao haikuwa nacho mwaka huo wa 1999. Ilikuwa na kompyuta.

Ilikuwa kuukuu, imenunuliwa kutoka ofisi moja iliyokuwa ikifungwa, na ilinguruma kama kinu cha posho. Lakini kando yake kulikuwa na skana ya kuingiza picha na printa ya kuzitoa kwa rangi. Bwana Mwenda alimfundisha binti yake kuzitumia, na Kanana alishika haraka. Unaweka picha moja chini. Unaweka nyingine juu yake, tabaka juu ya tabaka, kama chapati kwenye sahani. Kisha tabaka la juu unalipunguza nguvu polepole mpaka la chini lianze kuchungulia. Unafuta hapa, unabakisha pale, na kabla hujamaliza soda yako mtu na mnyama wamekuwa kiumbe kimoja.

Samsam, rafiki yake, alipewa shingo ya twiga. Hamse, mtani wa darasa zima, alipewa kipara na mdomo wa korongo, wale korongo wakubwa wanaokaa juu ya miti ya mjini wakiwatazama watu kwa dharau. Hamse alijitazama kwenye kioo cha kompyuta, akacheka mpaka akakaa sakafuni.

"Wallahi, huyu ni mjomba wangu kabisa!" akasema.

Bwana Mwenda hakuwakataza. Alikuwa na masharti mawili tu. La kwanza, kompyuta ile ilikuwa na tumbo dogo. Kazi ikiisha, Kanana alitakiwa kuyabana matabaka yote yawe picha moja, na kila Jumamosi asubuhi baba mwenyewe angefuta kazi zote zilizokwisha ili kupata nafasi. La pili alilirudia mara nyingi mno hata Kanana akalijua kwa moyo.

"Picha ya mtu ni amana," alisema. "Ikiharibika, uniambie siku hiyo hiyo, nikiwa bado naweza kuitengeneza."

Alhamisi moja, alasiri, aliingia mzee mrefu mwembamba, ndevu zake zimepakwa hina, fimbo imelala mabegani.

"Asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam, mzee. Karibu ukae," akajibu Bwana Mwenda.

Mzee aliitwa Gelle. Alikuwa amesafiri siku tatu juu ya lori kutoka Kutulo, kule Mandera, kuleta mifugo sokoni. Alifungua kitambaa, akafungua karatasi ya nailoni ndani ya kitambaa, akafungua bahasha ndani ya nailoni, na mwishoni akatoa picha ndogo ya ngamia jike mweupe aliyesimama kando ya kisima.

"Hii ni Adey," alisema. "Daktari ya mifugo alibiga hii bicha. Ile mwaka ya mfua kubwa, maji kila mahali, ngamia yangu yote ilikufa kwa ugonjwa. Adey beke yake alibaki. Mimi, bibi yangu, wajukuu sita, sisi wote tulikunywa maziwa ya Adey. Chakula ingine hakuna."

"Na sasa yuko wapi, babu?" Kanana akauliza.

Mzee aliitazama picha kwanza. "Alikufa kiangazi hii. Uzee tu. Bicha ni hii moja."

Bwana Mwenda alimpiga Mzee Gelle picha kwa kamera inayotoa picha papo hapo. Alipoulizwa anataka kazi gani, mzee aliishika picha yake kwa mkono mmoja na ya Adey kwa mkono wa pili, akazikutanisha.

"Mimi na ngamia yangu. Changanya."

"Hiyo ni kazi rahisi," Bwana Mwenda akasema. "Kompyuta hupanga picha kwa tabaka. Tabaka lako, halafu tabaka la ngamia."

Mzee Gelle alishtuka. "Baka? Hapana! Mimi sina baka nyumbani. Mimi nataka ngamia!"

Ilibidi Kanana ageukie ukutani kuficha kicheko. Baba yake, ambaye kwa miaka minane alikuwa amezoea kwamba paka wa Garissa mara nyingi ni baka, alimhakikishia mzee kwamba hapatakuwa na paka wala panya. Picha ingekuwa tayari Jumamosi kabla lori halijaondoka.

Ijumaa, siku ambayo shule hufungwa adhuhuri kwa ajili ya swala, Bwana Mwenda alialikwa kupiga picha za arusi mtaa wa Galbet. Alipokuwa akifunga mkoba wake alimwambia binti yake, "Kazi ya Mzee Gelle nakuachia wewe. Fanya kama alivyosema. Ukimaliza, picha ya Adey uirudishe ndani ya droo."

Kanana aliona fahari isiyo na kifani. Kazi ya kwanza ya mteja, na amepewa peke yake! Aliziingiza picha zote mbili kwenye kompyuta, akamweka Adey chini na Mzee Gelle juu. Samsam na Hamse walikuja kutazama, na Kanana akawaonyesha picha ile ndogo, ikapita mikononi mwao hadi kwenye benchi la nje walipokuwa wamekaa. Kisha wote watatu wakajazana mbele ya kompyuta.

Macho ya mzee yalibaki. Pua ikawa ya ngamia. Ndevu za hina zikaning'inia chini ya midomo mikubwa ya Adey, na kofia ya mzee ikakaa vizuri katikati ya masikio ya ngamia.

"Una hakika hivi ndivyo alivyotaka?" Samsam akauliza.

"Alisema mwenyewe kwa kinywa chake: changanya," Kanana akajibu. "Kwani wewe ulitaka nini ulipopewa shingo ya twiga?"

Baada ya swala ya Ijumaa Mzee Gelle alikuwa amepita mlangoni kuuliza habari, na Kanana alimwambia arudi kesho. Sasa alitoa picha kwenye printa, akaitia kwenye bahasha ya kaki, akaandika jina kwa mwandiko wake bora. Adhana ya magharibi ikasikika. Rafiki zake wakakimbia makwao. Kanana akatoka nje kuichukua picha ya Adey kwenye benchi.

Benchini hapakuwa na picha. Palikuwa na Karani.

Karani alikuwa mbuzi wa mama yake Samsam. Alipewa jina hilo kwa sababu hakupenda majani hata siku moja. Yeye na makaratasi tu: maboksi, magazeti, vitabu vya mazoezi, na inasemekana aliwahi kula barua ya chifu. Sasa alisimama akitafuna kwa utulivu wa mtu mwenye kazi ya kudumu, na kwenye kona ya mdomo wake ilining'inia pembe ya picha yenye kwato moja nyeupe.

"Karani! Tema! Tema, shetani wewe!"

Karani alimeza.

Kanana alibaki na kipande kisichozidi ukucha, alichowahi kukinyofoa. Alikiweka mfukoni, akaingia ndani, akazima kompyuta bila kukumbuka kuyabana matabaka, akafunga duka. Njiani alijipa moyo. Kesho nitaamka mapema, alijiambia. Adey bado yuko ndani ya kompyuta, tabaka la chini. Nitamtoa kwenye printa kabla ya mtu yeyote kufika. Nani atajua? Baba aliporudi kutoka arusini na kumuuliza kazi ilikwendaje, alijibu, "Vizuri sana, baba," kisha akasema ana usingizi.

Lakini mpango wa mtu ni mmoja na wa lori ni mwingine. Jumamosi Kanana na baba yake walipofika studio, Mzee Gelle alikuwa tayari amekaa kwenye benchi, mizigo miguuni. Dereva alikuwa amebadili nia. Lori lingeondoka saa nne asubuhi.

"Binti yangu, bicha iko tayari?" aliuliza kwa furaha.

Kanana alimpa bahasha kwa mikono miwili. Mzee akaifungua. Aliitazama picha, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena. Furaha ilimtoka usoni.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, babu. Wewe na Adey. Ulisema nichanganye."

"Subhanallah! Changanya ni bamoja! Mimi hapa, ngamia hapa." Alisimamisha vidole viwili kando kwa kando. "Kama ndugu wawili wanabigwa bicha. Wewe umefanya mimi jini! Wajukuu yangu wataona hii watakimbia!"

Bwana Mwenda aliichukua picha, na kwa sekunde moja mdomo wake ulitaka kucheka, lakini alipomtazama mzee akajizuia. "Samahani sana, mzee. Kosa ni letu, hatukuelewana. Saa nne bado, tutaanza upya. Kanana, lete picha ya Adey."

Kanana angeweza kusema wakati ule. Maneno yalikuwa kwenye ncha ya ulimi. Badala yake ulimi ukatoa mengine.

"Nilimrudishia jana, baba. Alipopita baada ya swala."

"Mimi?" Mzee Gelle akauliza.

"Ndiyo, babu. Nilikupa mkononi." Na kwa kuwa uongo mmoja haukai peke yake, akaongeza wa pili. "Uliitia kwenye mfuko wako."

Mzee hakubisha. Hilo ndilo lililokuwa baya. Angebisha, Kanana angepata nguvu ya kubishana naye. Lakini alijipapasa koti, akakunja uso akijaribu kukumbuka, kisha akachuchumaa na kuanza kufungua mizigo yake. Alitoa majani ya chai. Akatoa sukari, na dawa ya macho, na shati dogo jipya la mtoto ambalo alilikung'uta mara mbili kuona kama kuna kitu kitaanguka. Alifungua kile kitambaa, akafungua nailoni, akatazama ndani ya bahasha tupu, akaifunga, akaifungua tena.

"Labda nilibewa," alisema kwa sauti ndogo. "Kichwa ya mzee ina tundu. Adey, wewe ulitulinda sisi wote, na mimi nimeshindwa kulinda karatasi moja."

Kanana aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni. Mfukoni, kile kipande chenye kwato kilikuwa kama kaa la moto.

"Basi tena," Mzee Gelle akasema, akiinuka kwa kushikilia fimbo. "Walaal, ndugu yangu, hiyo jini iko kwa mashine? Tafadhali futa. Sitaki mtu aione."

"Mara moja, mzee." Bwana Mwenda akawasha kompyuta, nayo ikaanza kunguruma. Aliitafuta kazi ile, akaichagua. Swali likatokea kwenye kioo: una hakika unataka kufuta? Kidole chake kikainuka.

Baba yake alijua kwamba kazi ikiisha matabaka hubanwa, na yakishabanwa hayaachani tena. Hakuwa na sababu ya kufikiri kuna kitu cha kuokoa humo. Ni mtu mmoja tu duniani aliyejua kwamba Adey yuko mzima chini ya sura ile ya jini, na mtu huyo alikuwa amesimama karibu na mlango.

"Baba, usifute!" Kanana akapiga kelele. "Usifute! Adey yumo humo!"

Kidole kilisimama. Na hapo, machozi yakimtiririka, Kanana alisema yote: benchi, Karani, bahasha ya kaki, mpango wa kuamka mapema. Alitoa kile kipande mfukoni, akakiweka mezani. "Sikumrudishia babu picha. Nilimsingizia. Na matabaka sikuyabana, kwa sababu niliogopa nikakimbia. Nisamehe, babu. Kichwa chako hakina tundu."

Bwana Mwenda aliondoa kidole, akavuta kiti, akaifungua picha. Akalishika tabaka la juu na kuanza kulipunguza nguvu. Kofia ikafifia. Ndevu za hina zikayeyuka, macho ya mzee yakatoweka, na kutoka chini yake, polepole, akatokea ngamia mweupe kando ya kisima, mzima, na kwato zake zote nne.

"Adey!" Mzee Gelle aliangusha fimbo. Alisogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo. "Wallahi ni yeye! Maashallah! Maashallah! Walaal, umemtoa wabi?"

"Si mimi niliyemtoa," Bwana Mwenda akasema. "Ni binti yangu, aliposema kweli. Angenyamaza kidogo tu, ningemfuta mwenyewe kwa mkono wangu."

Kisha akainuka, akamwonyesha Kanana kiti. "Kaa. Kazi uliianza wewe, utaimaliza wewe. Na safari hii muulize mteja kabla ya kugusa chochote."

Kanana alipangusa machozi, akakaa. Aliuliza kila kitu kabla ya kuiingiza upya picha ya mzee. Babu asimame kulia au kushoto? Kushoto, upande wa kukamulia. Karibu kiasi gani? Karibu sana, bega lake liguse shingo. Mzee Gelle alisimama nyuma ya kiti akielekeza kwa fimbo, "Sogeza mimi! Kidogo tena! Hapo, fizuri, fizuri!" Alicheka kila alipojiona akiteleza juu ya kioo kwenda kwa ngamia wake. Saa nne kasorobo printa ilitoa picha mbili: moja ya Adey peke yake, mfano wa ile iliyoliwa, na nyingine ya Adey na mzee wake, wamesimama kando ya kisima, na hata Adey alionekana kukaza macho kama mtu wa Studio Tabasamu.

Mzee alizifunga ndani ya bahasha, na bahasha ndani ya nailoni, na nailoni ndani ya kitambaa. Bwana Mwenda akamgeukia Kanana.

"Kumchanganya mzee na ngamia lilikuwa kosa la kutoelewa neno, na kwa hilo siwezi kukulaumu. Hata kumwachia Karani karatasi ni uzembe tu, na uzembe una dawa. Lakini ulipomtwisha mzee kosa lako ukamwacha apekue mizigo yake, hapo ulinivunja moyo. Uongo ni kama kazi yetu hii, mwanangu. Unaweka tabaka juu, kisha lingine, mpaka ukweli usionekane. Lakini ukweli haufi, umelala chini pale pale. Mtu mwenye busara huufunua mapema, kabla yote hayajafutwa."

"Nimesikia, baba. Sitarudia."

"Vizuri. Kwa mwezi mmoja utafagia studio, na hakuna kumchanganya mtu na mnyama."

Kanana alikubali kwa kutikisa kichwa. Kwa mwezi huo, darasa zima la sita lingelazimika kubaki na sura walizopewa na Mungu, na Hamse angelalamika kuliko wote.

Nje lori lilipiga honi. Mzee Gelle alijitwika mizigo, akafika mlangoni, akasimama. Akarudi. Aliichukua kutoka mezani ile picha ya kwanza, ya mtu mwenye pua ya ngamia na ndevu za hina, akaitazama kwa muda mrefu.

"Babu, hiyo tuichane," Kanana akasema kwa aibu.

"Hapana, binti yangu." Mabega ya mzee yalianza kutikisika, na kicheko kikatoka, kicheko kikubwa kilichowafanya hata wauza maziwa wa ng'ambo ya barabara wageuke. "Nimefikiri. Miaka mbili nilikunywa maziwa yake, hakuna chakula ingine. Hii mkono ni maziwa ya Adey. Hii mguu ni maziwa ya Adey. Bicha hii haisemi uongo! Nitabeleka kwa wajukuu, niwaambie: tazameni, hii ndiyo babu yenu kweli kweli."

Akaitia kwenye mfuko wa koti, upande wa moyo, akamwekea Kanana mkono kichwani na kumwombea dua. Kisha akaenda zake, na alipopita karibu na Karani aliyekuwa amelala chini ya benchi, aliufunika mfuko wake kwa viganja viwili.